Mkoba wa Msafiri Katika Nchi ya Nkololo

Nkololo iko katika wilaya ya Bariadi, mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Hii ndiyo nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba, mtama na ng'ombe. Mvua zikiisha na mavuno yakiingia, twaona katika nyua za watu vipande vya viazi vitamu vimeanikwa juani, vyeupe kama kokoto za mtoni. Mgeni hudhani ni akiba ya njaa tu. Kumbe ni chakula cha safari pia.

Tangu zamani Wasukuma ni watu wa safari. Wakati wa kiangazi misafara yao ilikwenda mashariki, ikapita nyika mpaka ziwa la Eyasi, kuchukua chumvi. Msafiri wa namna hiyo hawezi kujaza mzigo wake chakula kitupu, kwa maana wakati wa kurudi yampasa kubeba chumvi yenyewe. Hata leo, karibu na Lamadi, kwenye lango la Ndabaka la mbuga ya Serengeti, hupita wageni wenye motakaa zilizo kama nyumba, zenye kitanda na jiko ndani. Jiko lile ni dogo sana, na shida ya mpishi wake ni ile ile ya mtu wa baiskeli mwenye mkoba mmoja: achukue nini, aache nini? Jibu twaliona Nkololo: achukue vitu vichache, ila kila kimoja kiwe na kazi mbili au tatu.

Cha kwanza ni kiazi. Kiazi kibichi sehemu yake kubwa ni maji, na kubeba maji ya kiazi ni kujichosha bure. Kikimenywa kibichi, kikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa, chaitwa michembe. Michembe huchemshwa na kuliwa kwa chai au maziwa, hupikwa pamoja na karanga, tena husagwa ikawa unga wa uji. Lakini kiazi kikichemshwa kwanza, ndipo kikatwe na kuanikwa, chaitwa matobolwa. Hayo msafiri huyatafuna njiani bila moto wala sufuria.

Cha pili ni karanga. Zikikaangwa ni chakula cha mkononi. Zikitwangwa ni mafuta na mchuzi kwa mara moja. Mwenye karanga hana haja ya kubeba chupa ya mafuta, ambayo humwagika na kuharibu nguo.

Cha tatu ni nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa. Konzi moja, ikitiwa maji na karanga zilizotwangwa, yatosha kitoweo cha watu kadhaa. Twawashauri akina mama wayakaushe majani kivulini penye upepo, maana jua kali huharibu vitamini A, ambayo macho ya watoto huihitaji.

Cha nne ni dagaa wa ziwani. Huliwa mzima na mifupa yake, basi hujenga mwili na kuimarisha mifupa. Wakitwangwa, unga wao hutiwa katika uji wa mtoto au katika mchuzi. Cha tano ni ubuyu. Unga wake katika maji ni kinywaji. Katika dagaa hushika kazi ya ndimu. Katika uji huleta ukali wa kupendeza. Ongeza unga wa mtama na chumvi, na mkoba umekamilika: sufuria moja yatosha kwa vyote.

Lakini sharti moja ni kubwa kuliko yote: chakula kikauke kabisa, kisha kifungwe mahali pasipo unyevu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya mahindi yenye sumu ya ukungu. Karanga nazo hushikwa na ukungu huo huo, na kuzikaanga au kuzitwanga hakuiondoi sumu, bali huificha macho tu. Basi karanga iliyoota ukungu, iliyokunjamana au kubadilika rangi isiingie mkobani, wala asipewe mtoto, hata ikiwa mwaka ni wa uhaba.

Nanyi walimu, jambo hili ni somo jema la hesabu. Pimeni viazi vilivyomenywa kwa mizani, vianikeni mpaka vivunjike kwa mlio, kisha vipimeni tena. Watoto wataandika uzito wa kwanza na wa pili, watatoa, nao watajua wenyewe ni ratili ngapi za maji ambazo bibi zao waliwaondolea wasafiri mabegani.