Mombasa, Mkongo Unapotoka Baharini

Kazi yangu Nairobi ni kutazama milisekunde. Natuma ping kwa seva ya mbali, nasubiri jibu, kisha nawatafutia dawa wateja wanaolalamika kwamba mtandao unajikokota. Namba zile kwa sehemu kubwa ni umbali, nami umbali wenyewe nilikuwa sijauona. Nilipopata likizo nilikata tikiti ya treni kwenda Mombasa, mji niliokuwa sijaukanyaga.

Tulipoingia Tsavo, abiria walijazana madirishani kutafuta tembo katika ule udongo mwekundu. Nilitazama nao, huku napiga hesabu. Mwanga ndani ya faiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Njia yetu ya karibu kilomita 480 ungeimaliza kwa milisekunde mbili na ushei. Sisi tulikaa kitini saa nyingi.

Mwenyeji wangu alikuwa fundi mstaafu aliyeanza kazi enzi za setilaiti. “Karibu pwani, mwanangu,” alinipokea, na kabla ya chai kupoa tulikuwa tumeshashuka upande wa Fort Jesus kutazama bahari.

Nilimwuliza, “Mzee, enzi zile mlivumiliaje?”

“Tulingoja,” akasema.

Kungoja huko kuna sababu. Setilaiti za enzi zile hukaa kilomita 36,000 juu ya ikweta. Pakiti ya data ipande na kushuka, jibu nalo lipande na kushuka: karibu nusu sekunde imekwisha. Na TCP, itifaki inayobeba barua pepe na kurasa nyingi za wavuti, ni kama mwenye duka asiyekukopesha zaidi mpaka ulipe deni la kwanza. Katika muundo wake wa awali haikuruhusu zaidi ya baiti 65,535 ziwe njiani bila kuthibitishwa kwamba zimefika. Gawanya kwa nusu sekunde, utapata takriban megabiti moja kwa sekunde kwa kila muunganisho, hata ununue njia pana kiasi gani. Mwaka 1992 ilitolewa mbinu ya kukiongeza kikomo hicho, lakini kuchelewa kulibaki palepale.

Kwa hiyo mwaka 2009 naukumbuka kwa heshima. Mkongo wa faiba wa TEAMS, uliolazwa chini ya bahari, ulifika Mombasa kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, SEACOM ukaanza kazi mwaka huohuo, EASSy ukafuata 2010. Kwa njia ya kama kilomita 5,000, kwenda na kurudi ni milisekunde 50 hivi. Watu wengi walisifu upana. Mimi naona kupungua kwa kungoja ndiko kulikobadilisha kazi zetu zaidi.

Mzee alinyoosha mkono kwenye meli zilizokuwa zikisubiri zamu ya kuingia bandarini. Februari 2012, akasema, meli moja ilitia nanga mahali palipokatazwa na kuukata TEAMS, wakati mikongo mingine ilikuwa tayari imekatika katika Bahari ya Shamu. Hapo ndipo BGP, itifaki ya kuchagulia data njia kati ya mtandao na mtandao, huonyesha thamani yake. Ruta za kampuni mbalimbali hutangaziana njia zinazozijua. Njia ikifa tangazo lake huondolewa, na kila ruta huchagua nyingine iliyobaki. Pakiti zilipita kwingine, zikisongamana. Mtandao wa Afrika Mashariki ulipungua kasi, lakini haukuzimika.