Amana ya Mkaguzi

Zipo kazi za kusoma ambazo hazimpatii msomaji sifa wala tuzo. Mojawapo ni ya mkaguzi wa msimbo wa Linux, kiini cha mfumo wa kompyuta kilichoanzishwa na Linus Torvalds mjini Helsinki mwaka 1991. Mtunzi wa mabadiliko huyatuma kwa baruapepe, wenzake wakayasoma kabla hayajapokewa. Mkaguzi akiridhika huandika mstari mmoja tu: jina lake, na ushahidi kwamba ameyakagua. Mstari huo hubaki katika historia ya mradi hata baada ya wote kusahau kilichojadiliwa.

Tumtazame mkaguzi aliyeletewa mistari michache ya kiendeshi cha kusimamia kumbukumbu. Vifaa kama kadi ya mtandao huandika katika kumbukumbu kuu vyenyewe, bila prosesa kubeba kila herufi. Ili visiingie pasipo vyao, huwekewa bawabu, kitengo kiitwacho IOMMU. Bawabu huyu hutafsiri kila anwani kwa kufuata jedwali, na tafsiri za karibuni huziweka kando asihangaike kuzitafuta tena. Kiendeshi humwamuru kwa kuandika katika rejista zake.

Rejista huandikwa kwa anwani, kama kumbukumbu, lakini tabia zake ni nyingine. Katika kumbukumbu, ulichoweka ndicho utakachokikuta. Ziko rejista ambazo kuzisoma tu hufuta kilichokuwamo, na ziko ambazo biti yake hufutika kwa kuandikiwa moja badala ya sifuri. Hivyo mstari unaoonekana kama marudio ya bure huenda ndio unaoshikilia jengo zima.

Mistari iliyoletwa ina hatua tatu: kufuta tafsiri ya ukurasa katika jedwali, kumwamuru bawabu asahau alichokiweka kando, kisha kuuachia ukurasa apewe mwingine. Mtunzi amebadili jambo moja. Amri ya kusahau sasa inaandikwa kwa njia nyepesi, isiyongoja maandishi ya kumbukumbu yaliyotangulia. Amefanya hivyo kwa ajili ya kasi, na majaribio yote yamepita.

Mkaguzi anasita hapo. Prosesa za x86 hutunza kwa ukali mpangilio wa maandishi, na huenda kosa lisionekane kamwe. Za ARM zina ruhusa ya kuyapangua. Amri yaweza kumfikia bawabu kabla ya kufutwa kwa jedwali kuonekana. Atasahau kama alivyoamriwa, atalisoma jedwali upya, ataikuta tafsiri ileile ya zamani, na ataiweka tena kando. Ni mpangaji aliyehamishwa na ufunguo mfukoni. Nyumba imeshapewa familia nyingine, naye usiku anafungua mlango. Kifaa kitaandika juu ya ukurasa usio wake, labda barua ya mtu, labda hesabu za duka, na mashine isilalamike. Siku uharibifu utakapoonekana, utaonekana mahali pengine, na atakayelaumiwa ni mwingine.

Kunyamaza ni rahisi. Mtunzi ni fundi hodari, na aulizaye sana huitwa mkwamishaji. Lakini mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Kupita kwa majaribio kunashuhudia kwamba siku hiyo mpangilio haukuvunjika. Hakusemi lolote juu ya kesho, wala juu ya mashine nyingine. Mfasiri anaifahamu hali hii: sentensi iliyotiririka vizuri mno, na shaka ndogo kwamba neno moja la asili limeachwa njiani.

Basi mkaguzi anaandika swali moja, kwa adabu: ni kitu gani hapa kinachohakikisha kwamba jedwali limeshaonekana kwa bawabu kabla amri haijamfikia?

Likiwa halina jibu, dawa yake ni fupi: kizuizi kimoja kati ya kufuta na kuamuru, na kungoja bawabu athibitishe kwamba amemaliza, ndipo ukurasa uachiwe. Desturi ya Linux hutaka kizuizi cha namna hiyo kiandikiwe maelezo, ili ajaye nyuma asikiondoe akidhani ni pambo. Mtunzi hurejea na mstari huo na maelezo yake. Mkaguzi huyasoma yote tena tangu mwanzo, na hapo ndipo huandika jina lake.