Bibi, babu na Drive-In

Najua nimepotea, kama wiki sita hivi ukurasa huu umeota majani. Si mnajua tena maisha ya SUA, ukimaliza tesiti ya udongo unakutana na ya wadudu, na bumu likichelewa hata hamu ya kuandika haipo. Leo naandika ingawa kesho saa mbili asubuhi nina wasilisho darasani, maana hili nikiliacha litanitoka.

Juzi juzi nilimpeleka bibi yangu Dar kutolewa mtoto wa jicho. Bibi anaishi Mgeta, kule juu Uluguru kwenye kabichi na baridi, na jicho la kulia lilikuwa limeshafunga kabisa. La kushoto anaona kama moshi. Alishuka na Noah hadi barabara kuu pale Sangasanga, nikampokea, akalala mjini usiku mmoja, kesho yake tukapanda treni ya umeme. Bibi mara ya mwisho kwenda Dar kwa treni ilikuwa miaka ya sabini, anasema walifika wamechoka hoi. Safari hii hata chini ya saa mbili tulikuwa tumeshafika. Akaniuliza, "Mume wangu, mbona hatujaondoka?" (Ananiita mume wangu tangu nimezaliwa, kwa hiyo akina dada msije mkaniuliza.)

Tukachukua bajaji kwenda kwa mjomba Kawe. Kufika Msasani, barabara ya Old Bagamoyo, foleni ikatushika pale kwenye ubalozi wa Marekani. Bibi akatoa kichwa nje.

"Hapa wapi?"

"Msasani, bibi."

"Msasani ipi? Ni Drive-In hapa?"

Mimi nikamwambia hapana, ni ubalozi. Dereva wa bajaji, mtu mzima kidogo, akageuka akasema, "Mama yuko sawa. Hapo ndani ndipo ilipokuwa Drive-In." Nikataka kupiga picha, dereva akasema weka simu ndani dogo, usituletee balaa. Bibi naye akanyamaza mpaka Kawe.

Hadithi yenyewe niliipata usiku, tukisubiri siku ya operesheni. Nilishajua kwamba bibi alikuwa yaya Upanga kwa familia moja ya Kihindi kabla hajaolewa. Sikujua kwamba babu alimpata kwenye sinema.

Kwa wasiojua, Drive-In ilikuwa sinema ya wazi nje ya mji, maana enzi hizo Msasani ilikuwa nje ya mji kweli. Ilifunguliwa 1966. Unaingia na gari lako, unaegesha ukitazama kiambaza kikubwa cheupe, unachukua spika ndogo unaining'iniza dirishani, mnakaa humo humo garini mnaangalia picha. Cha ajabu ni kwamba mwaka mmoja tu baadaye, 1967, likaja Azimio la Arusha! Nchi inatangaza ujamaa, na watu wanapanga foleni na magari kwenda sinema. Kuna mwanahistoria Mmarekani, Laura Fair, ameandika kitabu kizima kuhusu sinema za Tanzania, kilitoka 2018, na hii Drive-In ameipa nafasi kubwa. Wenye magari hawakuwa wengi, lakini gari moja lilikuwa linabeba ukoo. Bibi anasema ile pick-up ya tajiri wake ilikuwa inaingia na watu kumi na mbili, watoto nyuma kwenye godoro, yeye katikati yao ameshika sufuria la chakula.

Babu alikuwa nje. Alikuwa anauza karanga kwenye vifuko vya gazeti barabarani karibu na lango. Picha ikianza anaacha biashara, anasogea penye upenyo, anaangalia kiambaza kwa mbali. Anaona kila kitu ila hasikii hata neno moja, maana sauti yote iko ndani ya magari. Na hakuwa peke yake, kulikuwa na kundi zima la wauza karanga, walinzi na vijana wa mtaani. Sasa babu akawa ndiye anayewaambia picha inasema nini. Anatunga! Mtu akifungua mdomo kule mbele, babu anamsemea huku kwa Kiswahili, akimaliza anaingiza na Kiluguru cha Matombo. Miaka mingi kabla ya Lufufu kuanza kutafsiri kanda za video kwenye mabanda umiza, mzee wangu alishakuwa na wateja wake Msasani, na wengine walikuwa hawaondoki mpaka mwisho kwa sababu yake.

Bibi alimsikia siku aliyotoka kuwanunulia watoto karanga. Akacheka, maana maneno aliyokuwa anayasema hayakufanana kabisa na picha. Yeye ndani alikuwa anatafsiriwa kidogo kidogo na mama mwenye nyumba. Akamwambia, "Kaka, unawadanganya watu." Ndiyo ikawa salamu yao ya kwanza.

Halafu ikaja ile marufuku. Miaka hiyo ya sabini mafuta yalipopanda bei duniani, serikali ilizuia magari ya watu binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Familia ya Upanga siku zao zilikuwa Jumapili, kwa hiyo wakaacha kwenda. Babu akasubiri na karanga zake Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne akatembea kwa miguu kutoka Msasani mpaka Upanga akiuliza nyumba yenye pick-up ya bluu. Bibi anasema alifika miguu imejaa vumbi hadi magotini, na kabla hata ya kuomba maji akauliza, "Ile picha iliishaje?"

Hiyo picha ndiyo iliyowagombanisha miaka arobaini na kitu. Ilikuwa ya mama wa Kihindi mwenye watoto wawili wa kiume, mmoja anakuwa jambazi, mwishoni mama anampiga risasi mwanae mwenyewe. Wote wawili waliiona, mmoja ndani mwingine nje. Babu alishikilia mpaka kufa kwamba yule mzee mwenye daftari anayewadai ni mjomba wao, na kijana aliuawa kwa sababu alimpindua mjomba kwenye ardhi ya ukoo. Kwa Mluguru hiyo inaingia akilini kabisa, ardhi iko upande wa mama na mjomba ndiye mwenye kauli. Bibi akasema hapana, yule ni mkopeshaji tu, na mama alimuua mwanae kwa sababu alimteka binti wa watu. Kila Krismasi tukikusanyika Mgeta lazima mmoja auchokoze. Mimi nilidhani ni kijiji gani huko kwao, kumbe ni India!

Babu alifariki 2019. Tangu hapo hakuna aliyeutaja tena ule ubishi, na mimi nilikuwa nimeshausahau.

Na Drive-In yenyewe ilikuwa imeshakufa zamani. Majengo mengi yakiwemo ya sinema yalitaifishwa 1971, filamu zikawa zinapitia kampuni ya serikali, halafu ikaja video, halafu 1994 televisheni ikaanza Bara, na watu wakabaki majumbani. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani, ule wa zamani Oysterbay, ukalipuliwa, watu 11 wakafa. Wakatafuta uwanja mkubwa zaidi wakajenga upya pale Msasani, wakafungua 2003. Mahali ambapo muuza karanga alikuwa anasimama bure kuangalia picha, leo hata kusimama tu unaulizwa.

Operesheni ilikwenda salama. Kesho yake wakamfungua bandeji, kitu cha kwanza akaniangalia akasema, "Kumbe umekonda hivi? Huko chuoni hamli?" Tukarudi Moro, nikamweka kwa shangazi Kihonda apumzike kabla ya kupanda mlima.

Mimi nikaingia kazini. Nikamwelezea jamaa yangu wa chumba ile picha, yeye mpenzi wa sinema za Kihindi kupindukia, akajibu papo hapo: Mother India, ya 1957, Nargis. Nikaiangalia usiku kucha kwenye laptopu, karibu saa tatu. Kwanza ni picha ya kilimo kabisa, jembe la ng'ombe, mafuriko, mfereji wa umwagiliaji, ingefaa tuonyeshwe mwaka wa kwanza. Na bibi alikuwa sahihi. Mzee wa daftari ni mkopeshaji, si mjomba wa mtu. Kijana anamteka binti wa yule mkopeshaji siku ya harusi yake, mama anafyatua.

Nikakaa na hiyo habari siku mbili. Unamwambiaje mtu kwamba ameshinda, na wa kumringia hayupo?

Jumamosi nikaenda Kihonda na laptopu. Sikumwambia kitu, nikaifungua tu nikamwekea mezani. Alipoiona ile sura ya mama alishika mdomo. Akaangalia kimya mpaka pale mume anapopondwa mikono na jiwe, kisha anaondoka nyumbani asirudi tena. Kidogo akatokea yule mzee na daftari lake, anaanza kuongea. Bibi akanigusa bega.

"Mume wangu, punguza sauti."

"Inakuumiza masikio?"

"Izime kabisa."

Nikaizima. Akasogeza kiti karibu na kioo, akakohoa kidogo, akaanza kumsemea yule mzee kwa sauti nzito ya kiume: "Wewe dada yangu, hili shamba ni la ukoo, na mimi ndiye mjomba wa hawa watoto..."

Shangazi akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Hakurudi jikoni mpaka wali ukaungua.