Kutoka Rangi Nyeusi hadi Tabaka la Kivuli

Tabaka, katika programu za kuchorea, ni ukurasa angavu unaolazwa juu ya kurasa nyingine za namna hiyo hiyo, ili kinachopakwa kwenye mmoja kisiguse kilichopakwa kwenye mwingine, ingawa mtazamaji huiona picha nzima kuwa kitu kimoja. Wazo hilo ni kongwe kuliko kompyuta. Wachoraji wa Flanders wa karne ya 15, Jan van Eyck akiwa miongoni mwao, walipaka rangi nyembamba ya mafuta inayopitisha mwanga juu ya rangi iliyokwisha kukauka, na mwaka 1914 Mmarekani Earl Hurd aliwasilisha ombi la hataza ya kuchora wahusika wa katuni kwenye karatasi za seluloidi zinazowekwa juu ya mandhari isiyobadilika. Programu ya Photoshop, iliyoingia sokoni mwaka 1990, ilipata matabaka mwaka 1994 katika toleo lake la 3.0.

Dar es Salaam nayo ilikuwa na elimu yake ya matabaka, tena ya mikono. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora jijini humo mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, alitumia rangi za kung'aa za aina inayopakwa baiskeli, na wafuasi wake waliendelea kupaka usuli kwanza, kuuacha ukauke, kisha kuweka mnyama juu yake, na mwisho kabisa madoa na mistari. Mwandishi wa kumbukumbu hii aliutambua utaratibu huo tangu utotoni kwa kuwatazama mafundi wakisubiri rangi ikauke, lakini ilimchukua miaka mingi kuelewa kwamba ndio huo huo aliokuwa akiupuuza kwenye skrini.

Alipopata kompyuta na bao la kuchorea, yaani kibao kinachosoma mgandamizo wa kalamu yake maalumu, alichora kila kitu kwenye tabaka moja kana kwamba ana karatasi mbele yake, na kila alipotaka kurekebisha shavu aliharibu nywele zilizopakana nalo. Baadaye aliegemea upande wa pili kupita kiasi: kila jicho, kila kifungo na kila unywele ukawa na tabaka lake, hata picha moja ikafikisha matabaka 41 yasiyo na majina, na muda ukapotea katika kutafuta lipi lina nini. Ni kweli kwamba wingi huo ulimpa usalama, kwa kuwa kosa lilifutika bila kudhuru jingine. Hata hivyo picha zenyewe hazikuwa bora kuliko za awali, na sababu ilikuwa kwamba bado alikuwa akiyatumia matabaka kutenga vitu, ilhali kinachohitaji kutengwa zaidi ni rangi ya kitu na mwanga unaokiangukia.

Tofauti hiyo ilijitokeza katika picha ya bibi aliyejitanda kanga nyekundu, akiwa ameketi karibu na dirisha. Ngozi yake ilipakwa rangi ya msingi, yaani rangi bapa isiyo na kivuli wala mng'ao, ambayo katika hesabu ya kompyuta ilikuwa na nyekundu 150, kijani 90 na buluu 60, kila kimoja kikipimwa kuanzia 0 hadi 255. Kwa kivuli cha upande wa pili wa uso, mwandishi alitumia brashi nyeusi iliyopunguzwa ukolezo hadi asilimia 50, na namba zikashuka kuwa 75, 45 na 30. Zote zilipungua kwa nusu. Uwiano haukubadilika hata kidogo, na ndiyo maana uso ulionekana kama uliopakwa masizi. Ngozi ya Mwafrika huumizwa zaidi na kosa hili, kwa sababu kahawia iliyokolea ikiongezewa weusi mtupu hufifisha wekundu na udhahabu wake, na mchoraji hujikuta amemzima mtu badala ya kumpa umbo.

Dawa yake ni modi ya kuzidisha. Modi, kwa maana hii, ni kanuni inayoiambia programu ichanganye vipi rangi ya tabaka la juu na ya chini, na kuzidisha humaanisha hivyo hivyo kama katika hesabu: kila namba hugawanywa kwa 255 ili iwe sehemu ya moja, kisha sehemu hizo huzidishwa, kwa hiyo nyeupe haibadilishi kitu na hakuna rangi inayoweza kuongeza mwanga. Mwandishi alipofungua tabaka la modi hiyo juu ya ngozi, akalibana ili lisivuke mipaka ya tabaka la chini, na kupaka zambarau iliyofifia yenye 153, 128 na 179, kivuli kilitoka 90, 45 na 42. Buluu ilibaki juu zaidi kuliko ilivyokuwa kwa nyeusi, nyekundu ikashikilia uhai wa ngozi, na uso ukawa katika chumba chenye hewa.

Hapo ndipo jambo jingine lilipoonekana, nalo halikutegemea programu yoyote. Sehemu ya shavu iliyo chini ya pindo la kanga haikuwa na giza sawa na shingo, kwa kuwa kitambaa chekundu kilichopigwa na mwanga wa dirisha kilirudisha wekundu wake kwenye ngozi. Mwandishi alilazimika kumtazama tena bibi halisi aliyejitanda vile vile ili kulithibitisha hilo, kisha akapaka mmuliko hafifu wa nyekundu kwenye tabaka jingine juu ya lile la kivuli. Pengine mafundisho mengi ya uchoraji wa kompyuta yangefaa kuanzia hapo, dirishani, kabla ya kumfikisha mwanafunzi kwenye orodha ya modi ambazo baadhi yake hatazihitaji maishani.

Idadi ya matabaka ilipungua kadiri macho yalivyoongezeka ujuzi. Picha ya bibi ilichorwa upya ikiwa na matabaka matano tu: mistari, rangi za msingi, kivuli, mmuliko wa kanga na mng'ao wa dirisha kwenye paji la uso. Mengine yote yakifichwa na tabaka la kivuli likaachwa peke yake juu ya ukurasa mweupe, huonekana umbo la zambarau lisilo na jicho wala mdomo uliochorwa, na bado wanaomfahamu bibi huyo humtambua.