Tembo wa Mikumi na Kamba ya Pilipili

Ukitoka Kilosa mjini kwenda Mikumi, unaelekea kusini. Unapita mashamba ya mahindi, mpunga na ufuta. Unapita pia kijiji kiitwacho Ulaya. Wageni hucheka wakisikia jina hilo. Wenyeji wamekwisha zoea. Mkono wa kushoto, ng'ambo ya mashamba, iko Hifadhi ya Taifa ya Mikumi.

Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 3,230. Jina lake latokana na miti iitwayo mikumi, ambayo watu wengine huiita mivumo. Tembo hupenda sana matunda ya miti hiyo. Basi tembo ni wenyeji hapa tangu zamani, kabla ya barabara na kabla ya reli.

Hifadhi haina ukuta. Mpaka wake una alama na vibao, lakini tembo hajui kusoma.

Mahindi yanapokomaa, tembo huja usiku. Mara nyingi ni madume. Tembo mmoja mkubwa hula zaidi ya kilo 100 kwa siku. Huo ni uzito wa gunia zima la mahindi. Tena hukanyaga mengine mengi. Mkulima hulala na shamba, akaamka na vumbi.

Katika kijiji kimoja cha pembezoni tulimkuta mzee mmoja akisokota kamba ya katani. Tulimwamkia. Akatuonyesha shamba lake la ekari mbili.

"Zamani tulikuwa tunapiga madebe na kuwasha moto," alisema. "Tembo akishazoea debe, ni kama unampigia ngoma."

Tena kumfukuza tembo gizani ni hatari kubwa. Tembo hukimbia kuliko mtu. Wako watu waliokufa wakilinda mahindi.

Sasa mzee anatumia pilipili. Njia hii imejaribiwa katika nchi kadhaa za Afrika, na vijiji vya kuzunguka Mikumi vimo. Tembo ana pua kali sana. Mkonga wake hunusa kitu kilicho mbali. Pilipili humchoma mkongani, naye hugeuka akarudi porini. Haumii wala hafi.

Kazi yenyewe ni hii. Simika nguzo kuzunguka shamba. Funga kamba za katani toka nguzo hadi nguzo. Katikati ya nguzo ning'iniza vipande vya nguo kuukuu. Twanga pilipili kali zilizokauka. Changanya unga wake na oili chafu ya magari. Paka kamba na nguo zote. Oili hushika pilipili isioshwe upesi na mvua. Hata hivyo, mvua zikinyesha sana, pilipili hupungua ukali, ni lazima kupaka tena. Hapo ndipo wengi hushindwa. Wanapaka mara moja, halafu wanakwenda kulala.

Njia nyingine ni kuchanganya pilipili na mavi makavu ya tembo au ng'ombe, kisha kuyachoma taratibu usiku. Moshi wake ni mkali. Angalia upepo unatoka wapi, usije ukajifukuza mwenyewe! Huko Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa, wako wakulima wanaotundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba. Tembo huogopa nyuki, na mkulima hupata asali.

Tulimwuliza mzee kama kamba yake imemsaidia. Alitupeleka upande wa mashariki. Pale mahindi yalikuwa yamelala chini, na nyayo zilikuwa pana kama sinia. Shamba la jirani halina kamba. Mwenyewe amehamia mjini. Tembo walipita kwa jirani, wakaingia kwa mzee kwa nyuma, mahali ambapo kamba iliishia.

"Kamba ya mtu mmoja ni mlango wazi," alisema.

Mzee alikwisha toa taarifa kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, ili hasara ipimwe. Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama wakali, kwa kanuni za mwaka 2011. Mtu akijeruhiwa au akifa, hutolewa kifuta machozi. Lakini kifuta jasho si bei ya mazao. Mzee analijua hilo. Anajua pia kwamba kumwua tembo ni kosa la jinai.

Jioni ile serikali ya kijiji iliita mkutano chini ya mwembe. Wenye mashamba ya mpakani walikubaliana kuunganisha kamba zao ziwe moja. Walibishana sana juu ya shamba la yule aliyehama. Mwishowe mama mmoja alisema atalilima yeye, mradi apewe kamba.

Asubuhi tulipoondoka, akina mama watatu walikuwa wanatwanga pilipili, kanga zimefungwa puani. Wa nne alikuwa amekaa kando, anapiga chafya na kunawa macho. Alikuwa ameanza kutwanga bila kanga.