Mkanda wa Taimingi

Vyombo vingi katika injini ya gari huharibika kwa makelele. Beringi iliyochakaa hunguruma, mnyororo uliolegea hugonga, mkanda wa feni uliochoka hulia kila asubuhi. Na mwenye gari, hata awe mzito wa kusikia na mzito zaidi wa kutoa fedha, hupata muhula wa kufanya shauri. Mkanda wa taimingi hauna tabia hiyo. Hukaa gizani nyuma ya kifuniko chake, aghalabu haulii wala haunuki, hata siku ukatikapo. Aliyekuwa akienda kilometa 80 kwa saa huona injini imezimika ghafula, taa za dashibodi zimewaka pamoja, na gari laserereka kwa nguvu ya mwendo wake wa awali.

Kazi ya mkanda huo ni kupatanisha. Chini ya injini mna kranki, ipokeayo nguvu za pistoni na kuzigeuza mzunguko; juu mna kamshafti, ifunguayo valvu na kuziachia zifunge. Kila kranki izungukapo mara mbili, kamshafti hapana budi izunguke mara moja, si zaidi wala si pungufu. Katika mizunguko 3,000 kwa dakika, kranki huzunguka mara 50 kwa sekunde, na kila valvu hufunguka na kufunga mara 25. Meno ya mpira, yashikayo meno ya magurudumu ya chuma, ndiyo yatunzayo miadi hiyo yote.

Zamani miadi ilitunzwa kwa gia au mnyororo. Mwaka 1962 kiwanda kidogo cha Hans Glas, cha Dingolfing katika Ujerumani, kilianza kuuza Glas 1004, gari litajwalo kuwa la kwanza kuundwa kwa wingi likiwa na mkanda wa meno. Mkanda ulikuwa mwepesi, haukuhitaji mafuta, na juu ya yote ulikuwa kimya. Ukimya huo ulisifiwa, na kwa haki. Lakini mnyororo, pamoja na adha yake, ulikuwa mlinzi apigaye kelele kabla ya mwizi kuingia.

Twaa injini ya dizeli, mathalan ile iitwayo 3L, iliyotiwa katika Toyota Hiace zilizochukua abiria Afrika ya Mashariki. Ndani yake hewa hubanwa mpaka ikae katika nafasi isiyofika sehemu moja katika 20 ya nafasi yake ya kwanza, ili joto lake liwashe mafuta pasipo cheche. Basi pistoni ifikapo kileleni hukaribia mno kichwa cha silinda. Yeye na valvu hutumia chumba kimoja kwa zamu. Mkanda ukatikapo, kamshafti husimama karibu papo hapo, na baadhi ya valvu hubaki wazi; lakini kranki, kwa uzito wa gurudumu lake na kwa msukumo wa gari lenyewe, yaendelea. Pistoni hupanda. Valvu hupinda. Na pengine kichwa cha valvu huanguka ndani ya silinda, kikatoboa pistoni. Hapana hata kimoja kati ya vyombo hivyo kilichokuwa kibovu dakika moja kabla. Zipo injini za petroli zilizoachiwa nafasi ya kutosha, ambazo hufungwa mkanda mpya zikaondoka. Mwenye dizeli asitumaini hivyo.

Linalofuata humsikitisha fundi kuliko kukatika kwenyewe. Dereva hupiga stata. Injini huzunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kwa kuwa silinda hazibani tena hewa, naye hudhani wepesi huo ni dalili njema, akarudia mara tano. Na kila mara yaweza kupinda valvu iliyosalimika.

Kwa kuwa mkanda hausemi, waundaji waliusemea kwa hesabu. Katika dizeli nyingi za Toyota mna taa yenye maandishi T-BELT, ambayo kwa kawaida huwaka baada ya kilometa 100,000. Taa hiyo haiuoni mkanda. Haijui mafuta yaliyovuja juu yake, wala miaka, wala beringi ya gurudumu la kukazia iliyoanza kukwama. Tena hesabu yake yaweza kurudishwa mwanzo na aliyebadilisha mkanda na asiyebadilisha pia.

Gari lililotumika Japani miaka kumi, likateremshwa Mombasa au Dar es Salaam, laja na namba ambayo mnunuzi hana njia ya kuihoji. Pengine hukuta ndani ya boneti karatasi iliyobandikwa na gereji ya huko, yenye kilometa na tarehe: mwaka 18, yaani wa 18 wa enzi ya Heisei, ndio 2006. Wapo waibanduao wakidhani ni tangazo. Fundi mwangalifu, asipoiona, haulizi gari limekwenda kilometa ngapi. Hufungua kifuniko, akatia mkanda mpya na gurudumu jipya la kukazia, kisha akaandika tarehe ya siku ile juu ya kifuniko kwa rangi nyeupe.