Gari la Nyuma Nalo Liwe na Breki Zake

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kukuta humu shajara ya ukoo, barua za kale na picha za mababu. Leo naomba niandike juu ya breki, kwa kuwa jambo hili linahusu safari ambazo kwazo mengi ya hayo yamekusanywa.

Tangu 1964 ukoo wetu umetawanyika: wako walioelekea Maskati na Dubai, wako waliofikia Portsmouth, na wako waliokwenda hadi Houston. Ami yangu, alipostaafu hapa Uingereza, alinunua gari la nyumba, lile lenye vitanda na jiko ndani yake, akajipa kazi ya kuwazuru wazee wetu mji kwa mji na kurekodi masimulizi yao wangali hai. Kwa kuwa gari hilo halipenyi njia nyembamba za mitaani, hukokota nyuma yake gari dogo kwa fremu ya umbo la herufi A, magurudumu yote manne yakiwa barabarani.

Binamu yetu wa Houston alipokuja kututembelea, alimwambia ami kwamba gari dogo namna ile halina haja ya breki za ziada. Kwa Texas alikuwa na hoja, maana huko trela lisilozidi pauni 4,500 halilazimishwi kuwa na breki. Lakini hata Marekani kila jimbo lina kipimo chake, na Uingereza ina chake. Hapa gari lililofungwa kwa fremu ile huhesabiwa kuwa trela, na trela ambalo uzito wake wa juu unaoruhusiwa unapita kilo 750 ni lazima liwe na breki zinazofanya kazi. Gari la ami, kwa udogo wake wote, lapita kiwango hicho hata likiwa tupu.

Ami alisita. Alisema gari kubwa lina breki madhubuti, zitatosha kwa yote mawili. Nikamkumbusha kisa cha babu, aliyekuwa nahodha, kama bibi alivyotusimulia. Jahazi likikokota hori, hatari haikuwa katika kwenda bali katika kusimama: tanga likituliwa, jahazi hupunguza mwendo, na hori huja na kasi yake ile ile, likagonga tezi. Ndiyo maana babu hakukosa kumweka baharia nyuma, upondo mkononi. Na katika gari la ami, walioketi huko nyuma ni wajukuu wake wawili.

Hapo alikubali, tukaenda kwa fundi. Fundi alitueleza kwamba injini ikizimwa, ule msaada unaolainisha kanyagio la breki hutoweka, na kanyagio huwa gumu. Kwa hiyo mtambo hauna budi kulikanyaga kwa nguvu zake wenyewe kila gari la mbele linapopunguza mwendo. Alifunga pia waya wa usalama: gari likichomoka kwenye fremu, waya huo huvuta breki kwanza, ndipo ukatike. Taa za nyuma ziliunganishwa na za gari kubwa, na kibao chenye namba ya gari kubwa kikawekwa nyuma, kama sheria itakavyo. Mwendo nao una mpaka wake: ukikokota, hupiti maili 60 kwa saa hata katika barabara kuu za mwendo kasi.

Ndugu zangu mlioko Ghuba, Ulaya na Amerika, sisi ni watu wa kuvuka mipaka. Tusichukue ruhusa ya nchi moja tukaitumia katika nyingine. Kabla ya kukokota chochote, someni kibao cha uzito cha gari lenu, kisha someni sheria ya mahali mnapopita, si ya mahali mlipotoka.

Ami ataanza safari yake mwezi wa tano, akianzia Cardiff. Mwenye picha au barua za wazee, tafadhali amwekee tayari.